Wanafunzi Sitini wa Mwalimu Thembo

Jumatatu, 13 Oktoba 2025
Madamu Hamidah, mwalimu mkuu wetu hapa Bwera, ameniita ofisini. Ombi la bajeti ya mwaka ujao linatakiwa wilayani Kasese wiki hii. Anaomba walimu wawili zaidi wa darasa la kwanza, na mlezi mmoja wa kukaa na watoto waliokimbia vita Beni, ng'ambo ya mpaka. Mwalimu Mbambu ana watoto 148 peke yake. Amesema asipopata mwenzake anahamia shule ya binafsi mjini. Nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama inavyompasa naibu. Kisha Madamu akaongeza kwamba Mbambu akiondoka, darasa nitalichukua mimi.

Mimi! Miaka tisa sijashika chaki na sijaikumbuka hata siku moja. Walimu hao lazima wapatikane.

Jumanne, 14 Oktoba
Kasese hukata kila ombi nusu. Nani asiyejua? Madamu anasema tuandike ukweli tu, 148 yenyewe inatisha. Maskini! Hivyo ndivyo watu wanavyozeekea kwenye cheo kimoja.

Nimechukua rejista ya Mbambu, eti naiwekea jalada. Nimeongeza wanafunzi hewa sitini. Mbambu huandika jina moja moja kwa haraka. Mimi wangu nimewapa majina mawili mawili yenye hadhi: Chérie Anastasie, Habibah Jalia, Bénit Gracien. Nimeyaokota kwenye kipindi cha salamu redioni. Nimewapa mpaka magonjwa. Bénit aliumwa malaria wiki nzima ya Septemba. Nilimhurumia kweli.

Alhamisi, 16 Oktoba
Balaa! Kesho anakuja mhakiki wa wilaya. Anaitwa Drani, mtu wa Arua, mbali huko kaskazini, zamani mwanajeshi. Anahesabu vichwa. Sitini wangu wana kila kitu isipokuwa vichwa!

Saa saba nikapata dawa. Kesho ni siku ya soko la Mpondwe. Mbambu alipotoka kidogo, nikaingia darasani na kuwatangazia watoto kwamba kesho ni mapumziko, wakawasaidie mama zao sokoni. Walishangilia mpaka mabati yakatetemeka. Mhakiki akikuta darasa tupu, ataamini rejista na kwenda zake. Na bado kuna watu wanaosema sina akili.

Ijumaa, 17 Oktoba
Drani alifika saa tatu. Mbambu alikuwa amesimama peke yake mbele ya madawati matupu, chaki mkononi, haelewi kitu. “Batoto iko wapi?” akanguruma. Nikasema soko. Akaguna, akafungua rejista. Safi kabisa!

Akasimama ghafla. Thembo. Thembo. Thembo. Kumi na tisa. Masika ishirini na nne. Akauliza kama tunamchezea.

Tukamweleza, Madamu, Mbambu na mimi kwa pamoja, kwamba kwetu Bakonzo, watu wa mlima huu, jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, mvulana wa tano ni Thembo, kila nyumba, mlima mzima. Mbambu akajitolea mfano, yeye ni msichana wa nne. Drani akacheka, kicheko kibaya. Akasema amewinda wanafunzi hewa miaka kumi na hajaona mwongo mvivu kama huyu, anayeshindwa hata kubuni majina. Kisha akagonga kidole juu ya Chérie Anastasie wangu na kusema haya sasa ndiyo majina ya watu. Nakiri nilifurahi kidogo.

Madamu akanituma nikalete watoto upesi. Nikapanda bodaboda hadi Mpondwe, nikachomoa saba katikati ya nyanya na vitenge. Mmoja alikuja na samaki mkavu kichwani. Drani akawapanga mstari. “Wewe, jina!” Thembo. “Wewe!” Thembo. Masika. Masika. Thembo. Akaniuliza niliwafundisha kwa siku ngapi. Halafu akaniuliza jina langu mwenyewe.

Nikamwambia ni Thembo. Akafunga rejista.

Hapo ningeweza kusema. Futa wale sitini, afande, hawa ndio wa kweli. Mbambu alikuwa ananitazama. Nikafungua mdomo. Nikakumbuka kazi yangu, nikaufunga.

Jumatano, 5 Novemba
Majibu yamekuja. Drani alifuta kila jina lililorudiwa, akaacha moja moja. Darasa la kwanza lina wanafunzi 71: kumi na mmoja wa Mbambu, sitini wangu. Mwalimu mmoja anatosha. Mlezi hahitajiki.

Mbambu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinipeleka darasani akanionyesha mtoto wa Beni ambaye mlango ukibamizwa na upepo huingia chini ya dawati. Akasema nisimvute. Nikae naye chini, ningoje. Kisha akaenda kufungasha. Niliona aibu, aibu ya kweli, hata ugali wa mchana sikuumaliza.

Jumatatu, 10 Novemba
Siku yangu ya kwanza. Watoto 148. Kufikia saa nne sauti imekauka, chaki imeliwa, na sijui ni nani aliyenifunga kamba za viatu kwenye kiti. Masika mmoja mdogo akauliza Madamu Mbambu anarudi lini. Nikasema karibuni. Akasema atamngoja mlangoni, akaenda, na mpaka sasa amekaa huko.

Mlango ukabamizwa. Mtoto wa Beni akaingia chini ya dawati. Nikamfuata, kama nilivyoagizwa. Ni pembamba lakini pametulia, na ndipo ninapoandikia haya.

Nimetafakari sana hapa chini. Hewa walipita wote sitini, hakuna aliyefutwa hata mmoja. Waliotuangusha ni hawa wa kweli. Kosa langu nimeliona: niliwachanganya. Mwakani naomba bajeti ya hewa watupu, mia tatu. Mtoto ameniuliza naandika nini. Nimemwambia anyamaze kidogo, namtafutia mwalimu.