Chipu Mia na Doa Jekundu

Jumatatu, 10 Juni 2024

Daftari, niwie radhi. Mara ya mwisho nakuandikia, mwanangu Nhyira alikuwa hajaota jino. Sasa ana manne, na yote ameyajaribu begani mwangu.

Sikia dhuluma. Miaka mitatu najifunza kutengeneza laptopu kwa Fundi Ampofo hapa Kumasi. Jumamosi nihitimu: nimwagiwe poda kichwani mbele ya soko zima, kama ilivyo desturi, nipewe meza yangu. Meza! Leo ndipo Fundi anazua mtihani. Mimi na Selorm, mwanafunzi mwenzangu, kila mtu chipu mia za kumbukumbu zilizong'olewa kwenye mashine kuukuu. Tutenge nzima na mbovu. Mia! Na mtoto mgongoni!

Jumanne, 11 Juni

Programu ya kupimia ni ya bure, kazi ya watu wanaojitolea. Unaibana chipu kwenye kifaa, programu inaiuliza jina, nayo inajitaja: kiwanda fulani, ukubwa fulani. Kufumba na kufumbua. Kisha eti uifute, uiandike ijae, uisome, ulinganishe. Dakika kumi na tano kila moja! Nani atamnyonyesha Nhyira? Selorm?

Nimeamua. Chipu inayojua jina lake ina akili timamu. Doa la rangi ya kucha, nyekundu, maana yake nzima, weka pembeni. Hadi alasiri nimemaliza zote mia. Tatu zilinuna, hazikujibu, hizo mbovu. Selorm yuko ya kumi na tisa. Nikamuuliza anazipima au anazilea? Akasema, "Cheka tu, Mama Nhyira."

Jumatano, 12 Juni

Nimempigia dada Abena, Accra, atume poda makopo mawili. Selorm bado anaatamia. Nhyira kamlalia mapajani, usingizi fofofo. Msaliti! Kwangu halali hivyo.

Ijumaa, 14 Juni

Daftari, sikia!

Fundi kachukua chipu zangu kumi zenye doa. Kaziandika, kazisoma. Nne zimerudisha takataka badala ya kilichoandikwa. Nikapiga kelele kwamba zote zilijitaja, programu ni shahidi!

Fundi kavua miwani. "Binti yangu, humu sokoni kila mwanamume aliyezaliwa Ijumaa ni Kofi. Ita Kofi, wataitika arobaini. Wangapi watakubebea gunia?"

Soko likaangua kicheko. Muuza waakye, wali wa maharage, kaangusha upawa. Aliyecheka kuliko wote ni Kofi wa viatu, ambaye hajawahi kubeba hata mwavuli wake!

Jumamosi, 15 Juni

Poda ya Abena imefika na basi la asubuhi. Selorm kahitimu peke yake, na poda yake haikutosha. Macho yote kwangu. Ningefanyaje? Nimemmwagia mwenyewe, makopo yote mawili. La pili nililimwaga kwa nguvu kidogo. Kakohoa mpaka jioni, juu ya meza yake mpya.

Jumapili, 16 Juni

Fundi kanipa nafasi nyingine, Jumamosi ijayo. Chipu mia mpya. Nimeketi, Nhyira akinyonya, nikatafuta kosa langu lilikuwa wapi. Nimeliona!

Abena anitumie haraka: poda makopo mawili, mbeleko isiyochanika, dawa ya fizi za mtoto, na rangi ya kucha ya kijani. Nyekundu inamvuta Fundi macho.