Karatasi za Bibi wa Harbin

Jumamosi, 29 Machi

Theluji bado imekaa bustanini kama mgeni asiyejua kuaga. Sina la kufanya ila kushinda.

Wiki ijayo, siku kama ya leo, ni Siku ya Asili ya chama chetu, chama cha sisi tuliovuka bahari kwenda kuasili watoto. Kila familia huweka meza ukumbini: picha, chakula, na mtoto aliyevishwa hariri huku akiichukia dunia. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, Renae Nordquist, amebeba kikombe cha meza bora miaka mitatu mfululizo. Kikombe chenyewe cha plastiki. Amekiweka dirishani, upande unaotazama jiko langu. Imetokea tu hivyo, bila shaka.

Binti yetu Maren ana miaka tisa. Alizaliwa Guangxi, kusini mwa China. Anders, mtoto wa Renae, naye ni wa huko huko. Mwaka jana nikasema basi! Tulimtoa mtoto kwao. Haki inataka kwao kuletwe hapa Minnesota. Nikaandikia wakala aniletee msichana wa Kichina akae nasi, amlee mtoto na kummiminia utamaduni. Wakala anasisitiza kwamba huyu si yaya, ni mwanafamilia wa muda. Mwanafamilia wa muda! Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wakala humpa jembe uwanja wa ndege, limefungwa utepe.

Akaja Shuting. Wa Harbin, kaskazini kabisa! Nimetazama ramani: kutoka Harbin hadi Guangxi ni kama kutoka hapa hadi katikati ya Meksiko. Utamaduni aliokwisha kuumimina hadi sasa: kuteleza barafuni, sambusa za kuchemsha za kabichi chachu, na kuipigia kelele televisheni wakati wa mpira wa magongo. Maren sasa anawapita wavulana wote wa mtaa. Niliuliza, je, hiyo ndiyo China? Shuting akajibu, "Kwetu mto unaganda miezi mitano, Baba Maren. Watu wafanye nini?" Vitabu vyangu vyote juu ya China havina habari hiyo.

Januari alifiwa na bibi fulani, aliyemlea. Hakuweza kwenda kuzika. Chakula kilikuwa kibaya wiki nzima.

Jumapili ya tarehe 6 anatakiwa kusema kama ataongeza mwaka wa pili. Maren ametangaza kwamba Shuting akienda, naye anaenda, na mkoba tayari ameufunga. Mke wangu Kirsten amenipa kazi moja tu: nisimuudhi msichana mpaka Jumapili. Baada ya hapo, amesema, naruhusiwa kuwa mimi.

Kazi rahisi. Mimi simuudhi mtu.

Jumatatu, 31 Machi

Matusi! Renae kaja na sahani. Wali wa rangi tano: mweusi, mwekundu, wa manjano, wa zambarau, mweupe. Eti leo ni sikukuu ya Guangxi. Umepikwa na Meilan, msichana wake, ambaye ni wa Guangxi hasa, tena wilaya ya jirani na alikozaliwa Maren. Wakala ni yuleyule! Kwangu kaleta barafu, kwake kaleta rangi tano.

Renae akasema, kwa ile sauti yake ya kwaya, kwamba roho ilimsuta kula peke yake chakula cha kwao Maren. Maren akala, akalamba sahani, akauliza kama kuna nyingine. Msaliti.

Nikamkabili Shuting. Kwa upole. Nilimuuliza tu inakuwaje Mchina mzima asiujue wali huu. Akaniuliza kama mimi, Mmarekani mzima, najua kumchuna mamba wa Louisiana. Kirsten alicheka hadi akapaliwa. Kisha Shuting akaupiga wali picha, akamtumia mama yake Harbin. Mama naye hakuujua. Ukoo mzima!

Jumanne, 1 Aprili

Mpango umezaliwa bafuni, mahali ninapofikiri vizuri zaidi. Jina lake Meilan.

Sikutaka kumfukuza Shuting, la hasha. Nilitaka kumwazima Meilan kwa Jumamosi tu, na akipapenda kwetu, kwa mwaka. Nikavuka barabara na bakuli la viazi na nyama kutoka oveni. Chambo. Renae alikuwa kazini. Nikamweleza Meilan kwamba kwetu kuna chumba kikubwa chenye bafu lake na dirisha la bustanini. Akasema anakijua. Ni cha Shuting. Wao wawili hukaa humo kila Jumatano wakitazama tamthilia na kusengenya waajiri wao. Akanishukuru kwa viazi.

Sikujua kwamba wanajuana! Ningejuaje? Wachina wawili, mtaa mmoja, barabara moja!

Jioni Shuting aliniita "Bwana Halvorsen". Tangu Agosti nilikuwa Baba Maren.

Jumatano, 2 Aprili

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Shuting amekuwa na adabu ya kutisha. Ananipisha mlangoni kama vile nimebeba jeneza. Kirsten anazungumza nami kupitia kwa mbwa: "Mwambie bwana wako chumvi iko kabatini."

Mezani Maren akaniuliza kama nitambadilisha Shuting kwa Meilan, kama tulivyobadilisha gari. Nikamfafanulia tofauti kati ya kubadilisha na kushauriana. Akatafuna kidogo. Akauliza kama na yeye iko siku atashauriwa.

Mtoto ana akili sana. Ni malezi.

Kirsten aliondoka mezani. Sijui kwa nini. Hata mbwa hakuachiwa ujumbe.

Basi ubao wa maonyesho wa meza yetu nitautengeneza mwenyewe. Gundi ninayo. Ari ninayo. Kinachokosekana ni China.

Alhamisi, 3 Aprili

China imepatikana! Ilikuwa nyuma ya sabuni, chumba cha kufulia.

Kifurushi kizima. Karatasi za manjano bunda kwa bunda. Noti zenye mfalme mwenye ndevu, kila noti mabilioni. Na karatasi za dhahabu zilizokunjwa kama mitumbwi midogo, mfuko tele. Kumbe hayo ndiyo wanayojifungia chumbani kuyafanya tangu Februari, yeye na Maren! Nilidhani wanakula pipi. Nimemlipia msichana huyu nauli kuvuka nusu ya dunia amwage utamaduni, yeye anauficha nyuma ya sabuni.

Nimefanya kazi alasiri nzima gereji, mlango nimeufunga. Ubao mkubwa mweusi. Noti pembeni kote. Mitumbwi ya dhahabu safu kwa safu. Katikati, picha kubwa ya Maren akitabasamu, katika fremu nyeusi iliyokuwa na cheti changu cha chuo. Juu yake nimetundika maua meupe kutoka dukani. Heshima. Utulivu. Asia.

Nilirudi nyuma hatua chache nikautazama. Machozi yalinilenga. Renae, mwanangu, umekwisha.

Ijumaa, 4 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Saa kumi jioni Renae alikuja na Meilan kurudisha bakuli la viazi. Sikuweza kujizuia. Nikafungua gereji. Meilan akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akakimbia. Wivu! Renae aliutazama ubao, akanitazama mimi, akasema, "Aisee, Verlyn. Hiyo ni… tofauti."

Hapa kwetu Minnesota mtu akikwambia kitu chako ni tofauti, amekutukana wewe na waliokuzaa. Nikajua amekwisha kushindwa.

Kisha Shuting na Maren wakarudi kutoka kuteleza. Shuting akaenda moja kwa moja chumba cha kufulia. Nikasikia sabuni zinaanguka. Akatoka, akaona gereji iko wazi, akauona ubao.

Sijawahi kusikia mlio ule. Aliivuta fremu ikang'oka na msumari wake. Akaikumbatia picha, akatema mate chini mara tatu, akamshika Maren usoni, mashavu, masikio, kama mtu anayehakiki kitu hakijavunjika.

Ikabidi nielezwe. Leo ni siku yao ya wafu. Zile noti ni fedha za ahera. Huchomwa ziwafikie marehemu. Picha katika fremu nyeusi na maua meupe ni mambo ya msibani. Karatasi zilikuwa za bibi yake, yule fulani wa Januari. Kirsten alisimama mlangoni, akanihutubia bila mbwa kwa mara ya kwanza tangu Jumanne: "Verlyn, umemfanyia mtoto matanga. Mtoto yu hai, kasimama hapo na gongo mkononi."

Nikasema fremu ilikuwa ya chuo. Haikusaidia.

Mimi ningeliacha hapo. Wao hawakuliacha. Walibandua karatasi moja moja, Shuting, Maren na Kirsten, gundi imewaganda vidoleni. Jua likielekea kuzama, wakatoka kwenda njia panda, pale barabara yetu inapokatana na ya kanisani. Kwao Harbin, aliye mbali na kaburi huchomea njia panda. Shuting akalichukua gongo la Maren akachora duara kwenye lami, akaacha mwanya upande wa magharibi, mlango wa kuelekea kwao. Akawasha. Akazungumza na bibi yake Kichina, kwa sauti ya kawaida, kama vile yuko kwenye simu.

Mimi nilisimama nyuma na mtungi wa kuzimia moto. Kuna sheria za mji.

Renae, Meilan na Anders wakatoka. Nikasikia Meilan akimweleza Anders kwamba kwao Guangxi hawachomi njiani, huenda makaburini na ule wali. Lakini akapiga magoti, akachoma pia. Maren akauliza kwa nini Shuting ametupa karatasi chache nje ya duara. Shuting akasema hizo ni za wale ambao hawana mtu wa kuwachomea, au wanaye ila hawajui jina lake. Maren akauliza kama inaruhusiwa kuchoma hata kama wewe ndiye usiyejua majina yao. Hata kama hujui wamekufa au wako hai. Shuting akafikiri, kisha akamkabidhi mfuko wote wa mitumbwi uliobaki. Maren akaichoma mmoja mmoja, nje ya duara, Anders akimsaidia. Kirsten alikuwa analia.

Haya ya mwisho nimeyapata kwa Kirsten. Mimi wakati huo nilikuwa nikimwangalia Renae kama anapiga picha.

Alikuwa anapiga! Nikamsogelea. Hapo hapo karatasi inayowaka ikapeperuka kuelekea ua wake wa miti, nami nikafyatua mtungi. Nimeuokoa ua. Povu lilimpata Renae, Meilan, sehemu ya Anders, na bibi wa Harbin.

Sijapewa shukrani hadi sasa.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ya Asili. Tulikwenda na ubao mtupu wenye makovu ya gundi. Shuting alipika sambusa. Nilipendekeza tuzipake rangi tano. Kirsten akafunika bakuli.

Zamu yetu ilipofika, Maren alipanda kiti, bado kavaa jezi ya magongo. Akasema hana hariri. Akasema, "Baba yangu aliniweka kwa wafu, halafu dada yangu Shuting akanitoa. Yeye ni wa baridi, mimi ni wa joto, ila kuchoma tunachomea mahali pamoja. Nimewatumia dhahabu watu wangu. Sijui kama wanaihitaji."

Ukumbi mzima ulisimama ukipiga makofi. Nikasimama nami, nikainama.

Kikombe amepewa Renae. Wali! Niliwaambia waamuzi kwamba wanatukuza tumbo kuliko fikra, na nikawatajia vitabu. Mwenyekiti akasema hoja zangu ni tofauti.

Jumapili, 6 Aprili

Shuting ametoa jibu.

Anabaki Minnesota mwaka wa pili. Ushindi! Nilikuwa nimeshanyanyua mikono juu aliponiomba nisubiri. Anabaki kwa Renae. Meilan anarudi kwao kiangazi, na chumba chake kitakuwa wazi. Wamekwisha kukubaliana, wanawake wote, na mbwa nadhani alijua. Maren atakuwa huko kila siku akitoka shule, na Jumatano Shuting atakuja kula kwetu. Maren alipoulizwa (walimuuliza!) alikwenda dirishani, akaitazama barabara, akasema hiyo si mbali. Akaenda kufungua mkoba wake.

Shuting akaniaga vizuri. Akasema nyumba yetu ni njema na Maren ni mdogo wake hata akizeeka. Kuhusu mimi alitafuta neno kwa muda, kisha akasema, "Baba Maren, wewe ni… tofauti."

Nimeguswa. Amenirudishia jina langu.

Na sasa nifikiri kwa utulivu. Kwa nini wote wamenuna hivi, kana kwamba nimepoteza? Kuanzia kiangazi nina mtu wangu ndani ya nyumba ya Renae. Atajua kila chungu kinachoinjikwa humo. Nimeshamwandikia wakala aniletee mwingine, wa Guangxi, na nimesisitiza wilaya. Nimeomba pia anayejua kucheza na mapepeo ya hariri.

Usiku huu Maren alikuja ofisini kwangu kuomba picha ya mama yangu marehemu. Nikamuuliza ya nini. Akasema amebakiza karatasi ya dhahabu, na bibi huyu angalau jina lake analijua. Nikamkumbusha kwamba mama alikuwa Mlutheri na hakupata kupokea hata senti asiyoitolea jasho. Akasema atamwandikia kwamba ni mkopo. Akaketi sakafuni karibu na miguu yangu, akaanza kukunja.

Nilimtazama kwa muda mrefu. Vidole vyepesi sana. Nikamwambia akunje mitumbwi mikubwa zaidi, mwakani ionekane hadi safu ya nyuma ya ukumbi.