Wakwe wamenikuta kwa kuku

Leo nimepata aibu, ndugu zangu. Aibu ya kweli, ya mchana, wakwe wakiwa mulangoni na mi niko ndani ya banda la kuku. Lakini watu wote ni wazima, kwa hiyo acha niwaelezee.

Mnajua mi nilitengeneza redio miaka mingi pale mutaa wa Mutakura, mbele ya duka la yule Mwarabu wa vitambaa (mutu muzuri, chai yake ilikuwa na tangawizi mpaka unatoa machozi, lakini tuiache chai). Shule sikuendelea. Redio ndiyo ilinisomesha. Ikigoma unaipiga kofi kidogo, unasafisha pale batri inagusa, inaimba.

Sasa binti yangu wa mwisho, Spesi, yeye ana droni. Kale kandege kenye mapanga manne juu, wanayaita helisi. Amekaunga mwenyewe, kipande kwa kipande, na siku ya Mungu, Jumapili, anakarusha kando ya ziwa. Juzi telekomande yake, ile ya mukononi ya kukaongoza, ikaanza kulia tii, tii, tii, na kandege hakasikii tena. Asubuhi akaniambia, "Papa, usikaguse. Nikipata nafasi nitakaangalia. Leo wakwe wanakuja, we vaa koti ukae."

Wakwe. Hapo ndipo moyo wangu ulikuwa. Ni mara ya kwanza wazazi wa muchumba wake wanatoka Gihosha kuja kuona kwetu Kanyosha. Baba yake ni mutu wa ofisi, hacheki ovyo. Na mukwe anapokelewa kama askofu: unamungoja mulangoni, koti limefungwa, unamushika mukono kwa mikono miwili. Nikiharibu hapo, nimemuharibia mutoto.

Nikavaa koti mapema mno. Nikakaa. Mama Spesi yuko jikoni na ndizi zake. Spesi ameenda kungoja wakwe barabarani wasipotee. Na ile telekomande iko mezani, inanitazama. Mutu wa redio atakaa vipi mbele ya kitu kinachogoma?

Nikafungua nyuma. Kumbe ni kutu tu, pale chuma kinagusa batri. Nikakwangua kwa kisu, nikapuliza, nikafunga, nikawasha. Haikulia tena. Nikajisifu peke yangu, kwa sauti.

Mutu mwenye akili angesimama hapo. Mi nikasema, acha nijaribu kama kandege kanasikia. Nikakapeleka uani, nikakawekea batri yake. Helisi sikuzitoa (Spesi huzitoa kila akijaribu kitu, mi nilidhani ni mambo ya usafi). Nikabonyeza pale yeye hubonyeza, nikasukuma kijiti cha kushoto. Kidogo tu.

Kakanguruma kama nyuki wameudhiwa, kakapanda mpaka kifuani kwangu. Tai yangu ya shingoni ikanirukia usoni. Nikaogopa. Na mi nikiogopa ninafanya kile mikono yangu inajua: redio ikipiga kelele, unaifunga. Nikazima telekomande.

Droni si redio. Ukizima telekomande, kandege kanabaki na amri ya mwisho kalisikia. (Spesi anasema zile zilizopangwa vizuri zinajishusha zenyewe. Yake alikuwa hajaipanga, kwa hiyo na yeye ana lake la kujibu.)

Kakaanza kutembea uani peke yake, polepole, kama mupangaji anatafuta chumba. Mi naenda kushoto, upepo unakaleta kushoto. Pa karibu palikuwa banda la kuku. Nikaingia, nikavuta mulango wa wavu. Kuku wakanitazama, kisha wakapiga kelele kuliko droni.

Mama Spesi akachungulia dirishani. "Baba Spesi, unafanya nini humo?"

"Funga dirisha."

"Na koti la kupokelea wakwe?"

"Mama, funga dirisha, hiki kitu kinakata watu."

Akafunga. Hapo hapo geti likalia. Kofia ya muzee mukwe ikaingia kwanza, na kandege nako kanasogea huko huko, usawa wa uso wa mutu.

Nilikuwa na pumzi moja ya kuchagua: heshima, ama macho ya yule muzee. Nikapiga kelele toka bandani: "Musiingie! Rudini! Tokeni kwangu!"

Kofia ikatoka. Kisha nikamusikia mukwe akimuuliza muke wake, na ile sauti ya ofisi, "Tumefukuzwa?"

"Apana, Papa," Spesi akamujibu mukwe, "ni droni yangu." Alikuwa ameisikia inavuma. Akavuta geti, akaita toka nje, "Papa, telekomande iko wapi?"

"Niko nayo."

"Imewaka?"

"Nimezima."

Akasema polepole, kama anaongea na mutoto: "Papa. Shusha kijiti cha kushoto mpaka chini kabisa. Ndiyo uwashe. Usitoke humo."

Jogoo amesimama begani. Nikashusha. Nikawasha. Kandege kakaanguka puu, ndani ya beseni ya sahani zilizooshwa, helisi zikasimama. Spesi akaingia peke yake, akachomoa batri ya kandege, ndiyo akaniambia sasa zima telekomande. Kisha akafungua geti.

Mulango wa banda ni mufupi. Nilitoka kwa magoti. Basi hivyo ndivyo nilivyowapokea wakwe zangu: magotini, manyoya kichwani, na koti limepakwa kile kuku hupaka. Nikanyoosha mikono miwili. Nikaiona. Nikairudisha.

Muzee mukwe akanitazama, akatazama banda, akatazama droni ndani ya sahani. "Baba Spesi," akasema, "tulikuja kuona binti anatoka nyumba ya namna gani." Akavua kofia. "Tumeona."

Nikajua ndoa imekufa pale uani.

Halafu muke wake akashika ukuta. Nikadhani anaumwa, kumbe anacheka. Spesi naye. Muzee akajikaza, akakohoa kiofisi, mabega yakamushinda. Tulicheka mpaka ndizi zikaungua, na wakazila hivyo hivyo.

Wameondoka sasa hivi. Getini mukwe amenishika mukono, kwa mikono miwili, akasema, "Siku ya kuleta mahari tutapiga simu kwanza, utuambie kama uko nyumbani ama uko kwa kuku."

Siku ya kuleta mahari. Amesema yeye mwenyewe, si mi. Basi chekeni munavyotaka, mi naenda kuoga.