Ombi la Kutojuliwa Hali

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Wapangaji,

Niwie radhi kwa kukuchosha macho asubuhi hii. Mimi ni yule fundi makufuli wa ghorofa ya pili. Naamini kila mtu ni mali yake mwenyewe, na wema usioombwa ni uvamizi. Kwa heshima zote nalalamika:

1. Jirani yangu mshonaji hunigongea kila asubuhi kuuliza nimeamkaje. Hunilazimu kujibu "salama" kabla sijaamua. Jana nilimwambia kinagaubaga akome.

2. Mvua iliponyesha, mtu alianua nguo zangu bila idhini, akazikunja. Nilizirudisha kambani zikalowa, nikaridhika.

3. Nilipougua homa, wapangaji walinijazia chumba, wakaniletea uji. Niliunywa huku nikipinga.

4. Shemeji yangu, mwalimu, anadai hii si imani bali ni kidonda cha utotoni: eti mimi ni kitinda mimba niliyelelewa na dada saba, kila mmoja akinifunga vifungo vya shati, ndiyo maana hadi leo nikiambiwa nivae koti naona afadhali nitetemeke. Huo ni uzushi mtupu. Dada walikuwa sita. Mimi naongozwa na hoja. Huruma nawaachia wenye nafasi.

5. Wahenga wanasema mtu ni watu. Waliposema sikuwapo, wala sikuweka sahihi.

Kwa hiyo naomba tangazo libandikwe ngazini: mtu asinijulie hali, asinipe pole, wala nikifa asinizike bila kibali changu cha maandishi.

Nisalimie mama watoto, wajukuu na mlinzi wa lango. Asiyezitaka salamu hizi ana haki ya kuzirudisha.

Wako, na wangu mwenyewe,
Fundi Makufuli

Tanbihi: Komeo nililobuni, lisiloweza kufunguliwa na mtu yeyote, limefaulu tangu jana jioni. Kumbe na mimi ni mtu. Vifaa vyangu viko kibandani. Kupiga kelele siwezi, maana masikio ya watu ni mali yao. Asubuhi nilisikia kandambili za mshonaji zikisita mlangoni pangu, kisha zikaenda zake. Kweli yule mama anashika neno, na roho iliniuma. Barua hii naisukuma chini ya mlango. Atakayeiokota avunje, asisubiri kibali. Na mshonaji aambiwe sikuamka salama.