Uzinduzi wa Sikio la Kusikiliza Mawingu ya Nyota

Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa aliyeshindwa kufika, waheshimiwa wakuu wa idara, makaimu wao na makaimu wa makaimu, wazee wetu, kina mama, vijana, na nyinyi mliosimama juani kwa kuwa viti vimekwisha: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya meza kuu.)

Miaka mitatu iliyopita, kupitia mchakato shirikishi uliowashirikisha watu wote wawili wa ofisi yangu, niliamua kijiji hiki kipate ungo wa redio wenye upana wa mita thelathini, wa kuchunguza mawingu ya haidrojeni yanayozizunguka nyota kubwa. Nifafanue kwa lugha nyepesi. Nyota kubwa huwaka kwa mwanga mkali kiasi kwamba haidrojeni iliyo jirani nayo huvuliwa elektroni yake, na elektroni hiyo, ikitangatanga bila makao, hutoa mawimbi hafifu ya redio. (Sauti: "Kukaa karibu na wakubwa tunakujua." Kicheko.) Tusikilizane.

Kwa kuwa mawimbi hayo ni hafifu kuliko pumzi ya mbu, ndiyo maana tukakusanya redio na simu zenu zote, tukazifungia stoo, ili ungo usikie vizuri. Na matokeo ni ya kujivunia, kwani kwa takwimu za robo hii kimya cha kijiji kimefikia asilimia tisini na saba nukta nne. Iliyobaki ni majogoo, ambao tunawaandalia mwongozo wao.

(Mkunga wa kijiji anasimama: "Samahani, Mheshimiwa. Mkwe wangu ana uchungu tangu alfajiri na mtoto amekaa vibaya. Naomba simu moja tu, niite gari la wagonjwa.")

Mama yangu, nakuelewa, hata mimi nilizaliwa. Lakini ukipiga simu moja tu, wingu zima linatupotea, na sauti yake imesafiri maelfu ya miaka mpaka kutufikia sisi. Mwambie mkwe wako avumilie kisayansi. (Simu ya mheshimiwa inalia. Anapokea: "Niko kwenye kimya, nitakupigia." Anaiweka mezani.) Hii ni ya kikazi, mawimbi yake yana kibali. (Minong'ono.)

Nihitimishe, kwa mara ya kwanza. Nikisema "Haidrojeni", nyinyi mseme "Juu zaidi". Haidrojeni! (Kimya.) Mnaona? Kimya cha namna hii hata wenzetu walioendelea hawana.

Sasa shukrani. Namshukuru mwashi, aliyejenga ukuta wa kuuzunguka ungo asiulize hata siku moja ungo wenyewe uko wapi. Namshukuru mke wangu, aliyeona si vizuri eneo la kitaifa likae bure, akapanda nyanya. Namshukuru mpiga picha, aliyelipiga sinia la nyumbani kwangu kwa karibu sana mpaka wafadhili wakauliza limeundwa kiwanda gani. Na zaidi nawashukuru nyinyi, wananchi, kwa miaka mitatu bila simu, maana mngekuwa nazo, msingekosa mmoja wa kupiga kwa wakubwa huko juu na kuuliza. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Mkunga ameshafika meza kuu. Anaichukua simu ya mheshimiwa kando ya glasi yake ya maji, anabonyeza namba, anaiweka sikioni. Uwanja mzima, bila kuombwa na mtu, unanyamaza ili asikike vizuri.)