Laptopu Isiyochakaa

Napenda kuwatangazia wananchi wote, wenye umeme na wanaochajia simu kwa jirani, kwamba kata yetu imefanikiwa kupata laptopu isiyochakaa. Si jambo dogo. Zunguka wilaya nzima ya Mbozi, ofisi zote zina laptopu zinazochakaa. Ya kwetu haichakai na wala haitachakaa. Mimi niliyekuwa Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Kutafuta Kompyuta Inayodumu naweza kuthibitisha hilo, kwa sababu mpaka leo haijaandika hata herufi moja.

Naomba nieleze mchakato mzima, maana watu wa kata jirani ya Igamba wameanza maneno.

Chanzo ni laptopu ya Tabita, karani wetu. Aliinunua mtumba Tunduma, akabadilisha betri, akabadilisha sijui nini, anaitumia tu miaka nenda rudi. Ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kukoboa. Kioo kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kitufe cha A kiling'oka, akabandika punje ya kahawa pale, na kusema ukweli punje ile inabonyezeka vizuri kuliko vitufe vingine. Kwa mashine hiyo Tabita alikuwa anaandikisha wakulima kwenye mfumo wa mbolea ya ruzuku. Utaratibu ni rahisi: jina lako likiingia kabla dirisha halijafungwa mwisho wa mwezi, unapata mbolea. Lisipoingia, mahindi yako yatavaa jezi ya njano ya Yanga mpaka mavuno.

Siku hiyo Mheshimiwa Manase, Diwani wetu, alikuja kuandikishwa. Ana shamba kubwa kuliko wote kule bondeni. Akaiona ile punje.

"Tabita mwanangu, hiki ni nini?"

"Ni A, Mheshimiwa."

"Hii ni kahawa."

"Ni kahawa, ila inafanya kazi ya A."

Mheshimiwa akavua kofia, akaivaa tena. Akasema jina la Diwani haliwezi kuingia serikalini kwa kubonyeza kahawa, na jina lake lina A mbili. Papo hapo akaunda Kamati. Mwenyekiti yeye, Katibu mimi, na mjumbe Mzee Bugalama, mfugaji aliyehamia kutoka bonde la Momba, ambaye katika maisha yake hajawahi kununua mnyama mbovu. Hadidu za rejea zilikuwa kupata laptopu itakayofaa leo, kesho na mtondogoo. Tabita hakuingizwa kwenye Kamati, kwa sababu yeye ndiye mtumiaji, na mtumiaji huwa na upendeleo.

Tukashuka Tunduma. Pale mpakani, nyuma ya foleni ya malori, kuna duka la Ayoub. Tulimkuta anamsindikiza mteja wa upande wa pili wa mpaka, anamshukuru kwa lugha ya huko, "Natotela, ba mdala!" halafu akatugeukia sisi.

"Karibuni wazee. Mnatafuta simu za tochi?"

"Tunatafuta," nikasema, "kifaa cha kielektroniki chenye uendelevu."

"Ahaa, laptopu ya kukaa nayo! Basi wazee wangu, msidanganyike na urembo. Angalieni kama ram inaongezeka. Diski iwe SSD, isiwe ile ya kuzunguka. Betri iwe ya kubadilishika, na spea zake zipatikane hapa hapa mjini. Chukueni hii, imetoka Dubai, haina makuu, itawazika."

Mheshimiwa akainua kidole. "Umesema spea?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo unatuuzia kitu ambacho unajua kitaharibika?"

Kwenye muhtasari nikaandika: muuzaji amekiri.

Ikafuata zamu ya Mzee Bugalama. Akaifungua ile ya Dubai, akaifunga, akaifungua tena, akachungulia vitufe. "Meno yametimia," akasema. Akaipapasa ubavuni. "Mama yake yuko wapi?"

"Mzee, hii ni mashine."

"Si umesema imetoka Dubai? Huko Dubai ilijileta yenyewe?"

"Mzee wangu, haina mama."

"Yatima," Bugalama akatuambia kwa huruma. Akaibeba mikononi, akaipima uzito. "Halafu imekonda. Hii kiangazi haivuki."

Tukazipima zote. Ya mwisho ilikuwa juu kabisa kwenye shelfu, dude pana kama meza ya mama lishe, iko ndani ya nailoni yake. Bugalama alipoibeba aliguna kwa furaha.

"Hiyo ni ya vijana wa magemu," Ayoub akalalamika. "Inakula umeme hiyo, wazee, acheni!"

"Ng'ombe mzuri anakula," akasema Bugalama.

Ikapita kwa kauli moja.

Sasa tuliporudi ndipo ubunifu wa Mheshimiwa ulipoonekana. Aliita kikao, akauliza, "Ndugu wajumbe, kinachochakaza kompyuta ni nini?"

Mimi nilidhani vumbi.

"Ni matumizi," akasema.

Nakiri nilipata baridi mgongoni. Kitu kiko wazi namna hiyo na wataalamu wote hawajakiona! Tukapitisha Sera ya Matunzo hapo hapo. Nailoni isivuliwe. Laptopu ikae kabatini, ufunguo ukae shingoni kwa Mheshimiwa. Mtumishi akitaka kuiona, aandike maombi, Kamati itakaa.

Tabita akaandika maombi kesho yake. Akajibiwa kwamba mashine itazinduliwa na mgeni rasmi, na jina la kwanza kuingia litakuwa la Mheshimiwa Manase. Kwa sasa aendelee na kahawa.

Mke wa Diwani, Mama Judith, jina lake Ferista, aliombwa ashone kitambaa cha kuifunika, kama kile cha televisheni yao ya sebuleni. Akakileta ofisini, cheupe, kina maua pembeni.

"Baba Judith, na shamba letu je? Dirisha si linafungwa?"

"Mama Judith, jina letu litaingia kwa heshima."

"Heshima inaotesha mahindi?"

"Wewe ni wa vitambaa. Mambo ya mfumo tuachie."

"Haya, Mheshimiwa," akasema. Mumewe alipotoka, yeye akabaki muda na Tabita. Nadhani walikuwa wanaongelea vitambaa.

Mgeni rasmi aliahirisha, akaahirisha tena. Huku nje wananchi wanapanga foleni kwa Tabita, mmoja anatoka Iyula na mtoto mgongoni, mwingine na baiskeli ya mkaa, punje inabonyezwa tu. Mzee Bugalama nilimkuta kwenye foleni.

"Mjumbe, na wewe?"

"Nimekuja kuiaga mashine ya zamani."

Mimi pia niliandikishwa kwa kahawa. Ila mimi nilikuwa nakusanya takwimu linganishi.

Basi mgeni rasmi akafika siku ile ile ya mwisho wa dirisha. Kwaya ikaimba. Kitambaa kikaondolewa, nailoni ikakatwa kwa mkasi uliofungwa utepe. Mheshimiwa akabonyeza, na vitufe vyote vikawaka zambarau na kijani. Makofi! Akina mama wakapiga vigelegele. Kisha pakatokea maandishi: Inasasisha. Usizime.

Tukangoja. Mtandao ulikuwa unatoka kwenye simu ya Mheshimiwa mwenyewe. Kwaya ikarudia nyimbo zake, ikaimba na za msiba.

"Imekwama?" mgeni rasmi akaninong'oneza.

"Inacheua," Mzee Bugalama akajibu. "Msiishtue."

Ilipofika asilimia tisini na tisa, simu ya Mheshimiwa ikalia ujumbe. Bando limeisha.

Mtu akatumwa vocha. Pale kwenye kona yake Tabita akainua kichwa. "Mheshimiwa, nikuingize kwa hii? Dakika mbili tu."

Mheshimiwa akamwangalia mgeni rasmi. Akaiangalia kwaya. Akaiangalia punje ya kahawa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Endelea na kazi yako, mwanangu," akasema.

Saa kumi jioni dirisha likafungwa. Laptopu ikafungwa, ikarudi kabatini, ikafunikwa. Mgeni rasmi alitusifu kwa matunzo.

Mvua zikaja. Mahindi ya kata nzima yakawa ya kijani, yale ya bondeni yakaanza kusita. Mheshimiwa akawa anapita njia ya juu kwenda ofisini, ili asiyaone. Nilikuwa kwake nimepeleka muhtasari siku toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu, ilipoingia uani imebeba mifuko ya mbolea. Mheshimiwa akanishika mkono.

"Umeona, Katibu? Serikali haiwezi kumsahau Diwani wake!"

"Ya Ferista hii," dereva akasema. "Mama, nishushie wapi?"

Mama Judith akatoka jikoni, akamwonyesha stoo. Mifuko ikapangwa. Akaleta kitambaa cheupe chenye maua pembeni, pacha wa kile cha ofisini, akaifunika vizuri, akafunga mlango, akavaa ufunguo shingoni.

Mheshimiwa akakohoa. "Mama Judith. Kumbe ulijiandikisha."

"Kwa kahawa."

"Umefanya vizuri sana. Sasa tunaanza kuweka lini shambani?"

"Kuweka nini?"

"Mbolea."

"Baba Judith," akasema, "hivi kinachomaliza mbolea ni nini?"

Mheshimiwa akaniangalia mimi, nami nikaangalia muhtasari.

"Ni matumizi," mkewe akasema. "Andika maombi. Kamati itakaa."

Maombi yameandikwa, kwa mkono, A zote zipo. Kamati ina Mama Judith, Tabita na Mzee Bugalama. Ukatibu wameniomba mimi, nami nimeukubali kwa moyo mkunjufu. Kikao cha kwanza tumekiahirisha. Tunamsubiri mgeni rasmi.