Chaja Iliyonuka Kuungua

Jumatatu, 3 Machi 2025
Chaja ya pikipiki yangu ya umeme inanuka plastiki iliyoungua. Plagi imekuwa kahawia upande mmoja. Vestina, mke wangu, kasema niizime nimwite Médiatrice, fundi umeme wa Majengo. Nikamjibu nitafikiria. Sikufikiria. Shemeji yangu Didace, kaka yake Vestina, ana pikipiki ya petroli. Tangu mwaka jana anasubiri hii yangu initie aibu. Fundi akija, mtaa wetu wote wa Misunkumilo utajua. Natengeneza mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua plagi. Waya mmoja ulilegea, ukaungua ncha. Nimekata, nimekaza, nimezungushia selotepu. Ule wa kijani na njano, wa ethi, unaopeleka ardhini umeme ukivuja, ulikuwa mfupi. Nimeuacha bila kuufunga. Taa ya chaja ikawaka! Nilijisikia injinia. Didace alipita, akauliza mbona leo sijatoka. Nikamwambia naipumzisha betri kitaalamu. Akatikisa kichwa polepole. Sikupenda ule upole.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua tangu asubuhi. Pikipiki ilikuwa kwenye chaja barazani. Vestina aliacha kufua akaisogeza isilowe, mikono ikiwa na maji. Ikampiga shoti. Nilisikia kishindo cha beseni. Nikazima meni swichi, nikakimbia. Alikuwa amekaa kwenye tope, anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Didace ndiye aliyetupeleka hospitali kwa pikipiki yake, Vestina katikati yetu. Daktari kasema moyo uko sawa, apumzike. Kurudi, Didace hakutaja petroli hata mara moja. Bora angetaja.

Nyumbani Vestina aliniuliza kitu kimoja: "Ulijua?"

Nikasema sikujua. Baadaye nikasema nilijua kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Médiatrice amekuja. Alikata umeme, akapima kwanza, ndipo akagusa. Kumbe kosa lilianzia kwenye soketi: ililegea, ikachemka, ikachoma plagi. Ameitoa. Amevuta laini mpya ya waya mnene, ya chaja peke yake, na kuiwekea breka inayojizima umeme ukivuja au ukizidi. Amechimbia fimbo ya shaba nje kwa ajili ya ethi. Chaja ya zamani amekataa kuitengeneza. Imefungwa mpya inayoendana na betri. Selotepu yangu aliibandua, akaitupa.

"Breka ikijizima usiilazimishe," kaniambia. "Niite."

Nimeapa mbele ya Vestina. Nilimaanisha.

Jumapili, 9 Machi
Vestina bado haongei sana. Anasema maji ya baridi yanamuuma mkono. Nimekaa kutwa nawaza namna ya kumtunza. Nimepata: hita ya kuogea, ya mtumba, nzuri tu. Nyaya za ndani ni nyembamba, ila laini ya chaja ni nene. Nimeiunganisha humo. Breka imejizima mara tatu. Nadhani Médiatrice aliuziwa mbovu. Sitamsumbua, ana kazi nyingi. Kesho Vestina akienda sokoni nitairuka hiyo breka kwa kipande cha waya, umeme upite bila kukatwa. Akirudi, akute maji ya moto.